Binti wa Pili wa Bi. Samiha

Asubuhi ya Ijumaa, Hafsa alikuwa ameketi juu ya mbuzi katika ua wa nyumba ya Bi. Samiha, Chumbageni, akikuna nazi ya wali wa mchana. Bi. Sabiha, wifi wa mwenye nyumba, alipita akienda msalani, akasimama, akamtazama kwa muda, kisha akasema kwamba pua ya kaka yake imemkaa vizuri.

"Pua ya nani, bibi?" Hafsa aliuliza.

"Ya Haji, Mungu amrehemu. Hiyo hapo, na kikunjo chake cha juu. Nilikuwa nikijiuliza imekwenda wapi, maana Asmahani hakuichukua. Kachukua ya kwa mama yake." Bi. Sabiha aliokota kipande cha nazi, akakitafuna. "Chumvi usizidishe leo. Presha yangu imepanda."

Hafsa alimaliza kukuna, akachuja tui, akaosha mikono, ndipo akaenda kujitazama katika kioo cha kabati la ukumbini, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekifuta mapema siku hiyo. Pua yake ya zamani, fupi na pana kidogo, pua ya watu wa kwao Kigombe, haikuwapo. Badala yake palikuwa na pua ndefu iliyopinda kidogo juu, sawasawa na ile iliyokuwa katika picha ya marehemu Bwana Haji ukutani. Hafsa hakuwahi kumwona Bwana Haji akiwa hai. Aliigusa pua hiyo, akaona kuwa inapumua bila taabu, akarudi jikoni kwa sababu wali ulikuwa karibu kukauka.

Alikuwa ameingia katika nyumba hiyo mara tu baada ya kumaliza shule, akiongozana na mama yake, Khadija, msukaji wa mikeka. Siku ile Bi. Samiha aliwapokea sebuleni, si jikoni, akawapa sharubati ya ukwaju, akawaeleza utaratibu wa nyumba yake, ambao ulikuwa utaratibu wa nyumba nyingi za mtaa ule. Mshahara haukutolewa mkononi mwezi kwa mwezi, uliwekwa. Msichana akipewa fedha mkononi huzimaliza kwa mawigi na vocha za simu. Akiwekewa, siku ya kuondoka huondoka na kitu cha maana.

"Na hapa hatakuwa mtumishi," Bi. Samiha alisema. "Atakuwa kama mwanangu."

Khadija alishukuru sana. Hakuomba waandikishane, wala hakutaka shahidi. Kwao, kumdai maandishi mtu aliyekuketisha sebuleni na kukupa sharubati ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Alirudi Kigombe akiwaambia majirani kwamba binti yake amepata mama wa pili.

Kuanzia hapo Hafsa aliamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala baada ya sufuria ya mwisho. Alifua, alipika, alideki, alipiga pasi sare za Asmahani, binti pekee wa nyumba, mpaka Asmahani alipokwenda Dar es Salaam kusomea sheria. Kila Idi alipewa kanga, sukari na nauli ya kwenda kwao. Kila Idi mama yake alimwuliza habari za mshahara, naye alijibu kwamba unawekwa.

"Uache hukohuko," Khadija alikuwa akisema. "Uje nao wote kwa pamoja."

Kisha macho ya Khadija yakaanza kuingia ukungu. Mwanzoni alikosea rangi za ukili. Baadaye akawa anasuka kwa vidole peke yake, uso ameuelekeza baharini ambako hakuona kitu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akipasuliwa ataona tena. Kilichotakiwa ni fedha. Hafsa aliona kwamba ile siku ya kuondoka na kitu cha maana ilikuwa imefika. Ilikuwa Jumapili, siku mbili baada ya kupata pua.

Alimkuta Bi. Samiha chumbani akifukiza nguo zake udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba ule mshahara wangu uliouweka. Nataka kumpeleka mama hospitali."

"Mshahara upi?"

"Wa tangu nilipoanza."

Bi. Samiha alicheka kwa upole, akageuza gauni juu ya chetezo cha udi. "Wee Hafsa. Umekula kwangu, umelala kwangu, ulipougua malaria nilikupeleka mwenyewe kwa bodaboda, mvua inanyesha. Hivi umeona wapi mtoto akamdai mama yake mshahara? Asmahani ananidai?"

"Asmahani hafui, mama."

"Ulimi umeota siku hizi." Alifungua pochi, akatoa noti ya nauli. "Mama yako msalimie sana. Mwambie tunamwombea dua."

Hafsa hakuichukua noti hiyo. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Zabron, mtu mtaratibu aliyesifika kwa kutompandishia mtu sauti. Bwana Zabron alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita Bi. Samiha, naye akaja siku iliyofuata amevaa buibui lake la harusini. Wote watatu wakaketi kwenye viti vya plastiki.

"Binti anasema ni mfanyakazi wako," alianza Bwana Zabron. "Anasema hujamlipa tangu aingie kwako."

"Mimi sijamwajiri mtu," alisema Bi. Samiha. "Huyu ni mwanangu."

"Wa kumlea?"

"Mwanangu. Wallahi."

Alipotamka kiapo hicho, meno mawili ya mbele ya Hafsa yalisogelea yale ya pembeni na kuacha katikati mwanya mwembamba, bila maumivu. Nyuma ya sikio lake la kushoto lilitokea baka jeusi, mfano wa punje ya pilipili manga. Bwana Zabron aliinama mbele, akavaa miwani, akauchunguza uso ule mpaka nyuma ya sikio.

"Bwana Haji alikuwa akiniuzia vipuri vya baiskeli," alisema. "Uso huu siwezi kuukataa. Pua yake, mwanya wake. Hata baka lake." Alivua miwani. "Ofisi yangu haisikilizi kesi ya mama na mwana. Nendeni mkayamalize nyumbani. Na wewe binti, kumfikisha mzazi wako mbele za watu si adabu. Muombe radhi."

"Sina radhi ya kumwomba," alisema Hafsa.

"Unaona?" Bi. Samiha alimwambia Bwana Zabron. "Na kiburi ni cha baba yake."

Walirudi kwa miguu. Bi. Samiha alitangulia, akiitikia salamu kila baraza, mtu aliyeshinda na ambaye hakuona sababu ya kuficha. Hafsa alimfuata nyuma kama ilivyokuwa desturi. Hakulia. Alikuwa akilifikiria lile neno moja, mwanangu, lililotumika kumtoa jasho miaka yote na kisha kumfunga mdomo mbele ya mwenyekiti, na akaamua kwamba neno hilo hataliacha liende zake. Atalishika kwa mikono miwili mpaka limlipe. Walipofika kona ya muuza mkaa aliongeza hatua, akawa sawa na Bi. Samiha, bega kwa bega. Wakaingia nyumbani pamoja kwa mlango wa mbele.

Bi. Samiha alijitupa kitini, akavua viatu. "Hafsa, chai."

Hafsa alikuwa amekwisha kuketi kwenye kochi kubwa, lile ambalo alikuwa akilipigia vumbi tu. "Na mimi naitaka, mama. Yangu usitie tangawizi."

Chai haikupikwa siku hiyo. Kesho yake ilipikwa na Bi. Samiha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuipika. Hafsa aliacha kazi zote kwa pamoja, ila hakuondoka. Alilala katika chumba cha Asmahani mpaka jua lilipopanda. Alivaa madera ya Asmahani, nayo yalimtosha. Bangili za dhahabu ambazo Bi. Samiha aliwekewa na marehemu mumewe zilipita kwenye kiganja chake kama zilizopimiwa kwa fundi, na hazikutoka tena. Chakula kilipoletwa alisema kwamba samaki ameungua, na kwamba marehemu baba hakuwa akipenda samaki aliyeungua, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia.

Bi. Samiha alijaribu kumfukuza. Alimwekea kikapu chake barazani, akapaza sauti mtaa mzima usikie. Majirani walitoka, wakaona mama anamtimua binti mwenye uso wa baba yake, wakasikitika.

"Mtoto akikosa huonywa," alisema mama mmoja wa nyumba ya pili. "Hatupwi, Bi. Samiha. Damu yako hiyo."

"Si damu yangu. Huyu ni mfanyakazi tu."

"Mbona juzi uliapa kwa mwenyekiti?"

Kikapu kilirudishwa ndani. Majirani ndio waliokibeba.

Katika mwezi wa Shaabani, baina ya adhuhuri na alasiri, Bi. Samiha alishikwa na uchungu wa kuzaa. Hakuwa na mimba, na umri wa mambo hayo ulikuwa umempita, lakini uchungu ulikuja kwa utaratibu wake wa kawaida, ukianzia kiunoni na kuzunguka mbele, ukiachia na kurudi. Aliitwa mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, akampapasa tumbo na kusema kwamba hakuna mtoto ndani kwa sababu mtoto amekwisha kuzaliwa. Huu ulikuwa uchungu wake tu, ulichelewa. Akashauri wausubiri umalizike.

Hafsa aliketi kitandani, akamshika Bi. Samiha mkono.

"Sukuma, mama," alisema.

"Inauma, Hafsa."

"Najua. Sukuma."

Alisukuma mpaka magharibi. Uchungu ulipokwisha, alitendewa yote anayotendewa mzazi. Majirani walileta sabuni na kanga, wakampikia uji wa pilipili manga, wakamwambia hongera. Kazi ya kumkanda ilimwangukia Hafsa, kwa kuwa ndiye binti aliyekuwapo nyumbani. Alimkanda kwa maji ya moto kuliko yanayotakiwa, asubuhi na jioni, bila haraka, mpaka arobaini ilipotimia. Bi. Samiha alipolalamika, mkunga alisema kwamba maji yakiwa ya vuguvugu mwili haurudi.

Baada ya hapo Bi. Samiha akawa anakumbuka mambo. Akiwa anapepeta mchele alikumbuka surua ya Hafsa alipokuwa mchanga, na usiku aliokesha naye. Akiwa sokoni alikumbuka jino lake la kwanza. Kumbukumbu hizo zilimchosha, kwa sababu kila moja ilikuja na usingizi ambao alitakiwa kuukosa, akaukosa sasa.

Asmahani alirudi kutoka chuoni mwezi uliofuata. Alikuwa ameposwa, na alitaka nyumba ya baba yao, pamoja na fremu za maduka zilizotazama barabara, zigawanywe kisheria kabla hajaolewa. Alimkuta Hafsa sebuleni amevaa dera lake.

"Hilo dera ni langu," alisema.

"Lilikuwa likinisubiri kulipiga pasi," alijibu Hafsa. "Nimeona heri nilivae."

Asmahani alimtazama pua, akaketi. Jioni alimfuata mama yake jikoni. Alikuwa msichana mwenye moyo mzuri, na chuoni alikuwa amepata alama za juu katika somo la haki za wafanyakazi.

"Mama, ungemlipa tu mshahara wake yakaisha."

"Nimlipe nini? Nduguyo yule."

"Lakini alifanya kazi, mama."

"Na wewe ungefanya, nisingekulipa."

Asmahani alifikiri, akasema kwamba kisheria jambo hilo lina utata, akaenda kuoga.

Siku ya mirathi alikuja mwanazuoni kutoka Makorora, kijana mwenye kanzu nyeupe sana. Walikuwapo Bi. Samiha, Asmahani, Hafsa na Bi. Sabiha, ambaye kama dada wa marehemu alikuwa na fungu lake. Mwanazuoni alisoma Fatiha, akauliza madeni ya marehemu, akaambiwa hakuna. Kisha akauliza marehemu ameacha mabinti wangapi.

Bi. Samiha alifungua kinywa kusema mmoja. Uchungu ulimshika kiunoni, ukazunguka mbele, ukamwinamisha mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Wote walingoja. Mwanazuoni alirudia swali kwa adabu. Bi. Samiha alijaribu tena, na safari hii uchungu ulimtoa jasho, likadondoka mkekani.

"Mama," alisema Hafsa, "mjibu shehe."

"Wawili," alisema Bi. Samiha.

Uchungu ukaachia palepale. Mwanazuoni akasema kwamba mabinti wakiwa wawili huchukua theluthi mbili kwa pamoja, mke thumuni, na kinachobaki ni cha dada. Bi. Sabiha, ambaye fungu lake lilikuwa limepungua mbele ya macho yake, alisema kwamba yeye hana neno, kwa sababu pua ni pua. Hafsa alipata chumba cha mbele na fremu moja ya duka, ambayo ilikuwa imepangishwa kwa fundi simu.

Bi. Samiha alimfuata barazani. "Umefurahi sasa? Umepata kuliko huo mshahara wako."

"Sijapata mshahara wangu," alisema Hafsa. "Nimepata cha baba. Mshahara wangu bado unao wewe."

"Mimi sijamwajiri mtu."

Alilisema hilo mpaka mwisho wa siku zake, na kila aliposema aliamini.

Kodi ya kwanza ya fremu ilipoingia, Hafsa alipanda bodaboda hadi Kigombe. Jirani aliyekuwa akianika dagaa alimkaribisha kwa heshima, akamwita mgeni. Khadija alikuwa ukumbini kwake, ukili umemzunguka miguuni, vidole vinakwenda.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Hafsa, mama."

Khadija aliinua uso, akatega sikio. Kisha akacheka bila ubaya. "Sauti ya Hafsa naijua mie. Hebu sogea."

Hafsa alipiga magoti. Vidole vilivyozoea kutafuta kosa katika mkeka vilipita kwenye paji la uso, vikashuka kwenye pua, vikasimama kwenye kikunjo. Vikaenda mdomoni, vikaupata mwanya. Vikazunguka nyuma ya sikio, vikaligusa lile baka, vikarudi mapajani.

"Weye mtoto wa watu wakubwa," alisema Khadija. "Pua hii si ya huku. Umetumwa na nani, mama?"

Hafsa alimweleza mambo ya utotoni, alikoanguka, alichochapiwa, jina la paka wao. Khadija alisikiliza kwa makini, akasema kwamba Hafsa ni msichana wa kuzungumza, bila shaka amemsimulia yote hayo huko mjini. Basi Hafsa akaacha. Akamwekea fedha kiganjani, akasema, "Binti yako kanituma nilete hizi. Za macho."

Khadija alizipapasa, akazikunja, akazirudisha. "Ahsante, na Mungu akulipe. Lakini sizichukui. Binti yangu mshahara wake unawekwa, atakuja nao mwenyewe kwa pamoja, ndivyo tulivyopatana. Na mie nikipasuliwa macho, nataka wa kwanza kumwona awe yeye. Nikizichukua kwako nitafumbua macho nione nani?" Akatafuta chane ya ukili, akaipachika. "Ukirudi umwambie asiharakishe. Mwambie nipo."

Hafsa aliketi naye mpaka jua lilipoanza kupungua ukali. Alimchambulia ukili, akamtekea maji, akamwagia kuku mtama. Khadija alimwita mwanangu mara kadhaa, kama wanavyoitwa wageni wote walio wadogo.

Aliporudi Chumbageni, Bi. Samiha alikuwa amesimama jikoni mbele ya lundo la vyombo.

"Mama yangu hanijui," alisema Hafsa.

Bi. Samiha alifuta mikono. "Mama yako si mimi?"

Hafsa alimtazama usoni. Kope na kidevu sasa vilikuwa vilevile katika nyuso zote mbili, kwa kuwa navyo vilikuwa vimeanza kuhamia kwake.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni wewe. Kwa hiyo sitakwenda popote. Nitakaa hapa mpaka nikuzike."

Tangu siku hiyo alizidisha. Alitaka maji ya kuoga yachemshwe kwa kuni, si kwa gesi. Alitaka mashuka yafuliwe kwa mkono. Bi. Samiha alifua, vidole vikachubuka mahali palepale vilipokuwa vikichubuka vya Hafsa, na hakuna aliyemwonea huruma, kwa kuwa kumtumikia mwana si kazi.

Asmahani alipokwisha kuolewa, Bi. Samiha alichoka kabisa, akaagiza mtu. Timotheo, muuza mboga wa Lushoto aliyemletea karoti kila wiki, alimleta mpwa wake, Yudith, msichana mwenye mashavu ya mviringo na sweta la sufu ambalo Tanga halina kazi. Bi. Samiha aliwapokea sebuleni, si jikoni. Akawapa sharubati ya ukwaju. Hafsa alikuwa kwenye kochi, miguu ameikunja.

"Una mama?" Hafsa alimwuliza Yudith.

"Ninaye, dada. Yuko kwetu Lushoto."

"Anaona?"

"Anaona vizuri."

"Mjomba wako ana simu. Akupige picha leo hiihii, umtumie mama yako."

"Picha ya nini tena?" alisema Bi. Samiha. "Msimtishe mtoto wa watu." Akamgeukia Timotheo, na sauti yake ikawa ile ya upole. "Mshahara wake nitakuwa nikimwekea, ndio utaratibu wetu. Na usiwe na wasiwasi naye. Hapa hatakuwa mtumishi. Atakuwa kama mwanangu."

Timotheo alishukuru sana. Bi. Samiha alishika kiuno, akajinyoosha kidogo kama mtu aliyebanwa na kitu, kisha akanywa sharubati yake. Hafsa aliitazama pua ya Yudith, ambayo bado ilikuwa ya kwao. Akashusha miguu, akasogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye kochi.